Shupaza Kwanza, Kopa Baadaye

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa pale Voi, na katika maisha yake alichoma pakiti moja ya karata. Kaka yangu alikuwa ameileta kutoka shuleni. Baba aliitia jikoni, kwenye moto uliokuwa ukichemsha maharage, akasimama pale hadi karata ya mwisho ikawa majivu, kisha akatuambia kwamba karata ni mlango, na anayekaa nyuma ya mlango huo tunamjua. Nilikuwa na miaka tisa. Maharage yale tuliyala usiku na sikuona tofauti yoyote ya ladha.

Nasimulia hili ili ieleweke nilivyojihisi miaka ishirini na kitu baadaye, katika sebule moja ya Umm Salal, kaskazini mwa Doha, nilipoambiwa niweke chini kipimo cha presha, nivute kiti na nishike karata kumi na tatu.

Nilikuwa nesi wa nyumbani. Mgonjwa wangu alikuwa mjane wa Kimisri, mtu wa Alexandria, mwenye sukari, presha, na nyonga iliyovunjika ikaungwa vibaya. Mumewe alipofariki, mwanawe wa pekee, mhandisi huko Qatar, alimleta akae naye. Sisi wafanyakazi wa nyumba za Doha bibi wa nyumba tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, nami nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti, na hakuna dawa aliyoimeza bila kunihoji kwanza kama askari wa mpakani.

Kila Jumanne baada ya sala ya alasiri walikuja rafiki zake watatu kucheza briji. Mmoja alitoka Khartoum, alikuwa mwalimu mstaafu. Wa pili Karachi, mke wa daktari. Wa tatu simkumbuki vizuri kwa sababu ndiye aliyeondoka. Doha ni mji wa kuondoka. Mume anamaliza mkataba, kontena linakuja getini, na wiki ijayo kiti kitupu. Briji ni mchezo wa watu wanne, watatu haiendi. Jumanne mbili walikaa wakinywa chai ya karaki na kulalamika. Jumanne ya tatu Mama Kabira akanitazama.

"Wewe unajua kuhesabu hadi kumi na tatu?"

"Najua, Mama."

"Basi kaa hapo mbele yangu. Wewe ndiye mwenzangu."

Nilikaa. Ningefanya nini? Nilimwomba Mungu anisamehe, nikamwomba pia Baba, ambaye wakati huo alikuwa hai na mwenye afya njema kabisa.

Dereva wa nyumba alikuwa mtu wa Mombasa, Mwislamu wa makamo, mcheshi. Nilipomsimulia alicheka hadi akaegemea gari.

"Ati nini? Karata? Wewe sista, mtoto wa mzee wa kanisa? Wallahi Doha imekumaliza!" Kisha akaniambia nilete pakiti nimwonyeshe. "Haya, kama umeamua kupotea, basi potea na majina ya kwenu. Hii ya moyo ni kopa. Hii almasi ni uru. Hii nyeusi ya majani matatu, pau. Na hii nyingine nyeusi, ilochongoka huku juu, shupaza. Babu yangu alikuwa akizicheza barazani mpaka nyanya amfungie mlango."

Nikayapeleka majina hayo mezani kwa sababu ya Kiingereza yalikuwa yananichanganya. Mama Kabira aliyapenda. Alilitamka neno shupaza kwa midomo miwili iliyojaa, kama mtu anayeonja embe. Baada ya mwezi, mabibi watatu, mmoja wa Misri, mmoja wa Sudani na mmoja wa Pakistani, walikuwa wakitaja kopa na pau katika sebule ya Umm Salal, na bibi wa Karachi alikuwa akinirekebisha matamshi. Nilitamani Baba awaone, halafu nikashukuru kwamba hawezi.

Briji inachezwa wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Kabla karata hazijatupwa kuna mnada. Kila mtu anataja, kwa zamu, ni aina gani anataka iwe turufu na wanaweza kula mizunguko mingapi. Huruhusiwi kumwambia mwenzako ulicho nacho kwa njia nyingine yoyote. Huruhusiwi kukunja uso, kukohoa, wala kukanyagana miguu chini ya meza. Mnaongea kwa mnada tu. Anayeshinda mnada anacheza, na mwenzake analaza karata zake zote mezani, wazi, na kunyamaza. Na hapo kuna adabu moja niliyoipenda kuliko mchezo wenyewe. Mwenzako akishalaza karata zake, hata ziwe mbovu kiasi gani, unamshukuru. Ni lazima. Mama Kabira aliniuliza kwa Kiswahili inasemwaje, nikamwambia, na tangu hapo hakusema kwa lugha nyingine. "Asante, mwenzangu." Sauti ilikuwa ileile, karata ziwe dhahabu au takataka.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Aina nne za karata zina vyeo. Pau iko chini kabisa, halafu uru, halafu kopa, na shupaza juu ya zote. Mtu akipata mkono wenye aina mbili ndefu, tuseme shupaza tano na kopa tano, anaanza kwa kutaja ile yenye cheo cha juu. Zamu yake ikirudi anataja ya pili. Shupaza kwanza, kopa baadaye. Jumanne yangu ya nne au ya tano, Mama Kabira alisema shupaza. Mimi nilikuwa na mkono dhaifu, nikasema bila turufu, kama nilivyofundishwa. Zamu yake ikafika tena, akasema kopa. Nikatazama karata zangu: shupaza mbili, kopa moja tu.

Nikasema pasi.

Nilipozilaza karata mezani, na ile kopa yangu moja ikajilaza pale peke yake, namba tatu tu, kama yatima, bibi wa Khartoum alishika mdomo. "Asante, mwenzangu," akasema Mama Kabira, akacheza, akapigwa vibaya. Hakuniambia neno. Jumanne iliyofuata ikatokea tena, aina nyingine mbili, na mimi tena nikasema pasi. Na nyingine tena. Bibi wa Karachi akaanza kunipendelea kwa keki.

Kwa kweli nilikuwa najua kuhesabu. Niliona wazi kwamba mbili ni zaidi ya moja. Lakini nyumbani kwetu mkubwa akisema hivi kisha akasema vile, unafuata lile la mwisho. Ukimrudisha kwenye la kwanza ni kama kumwambia amesahau, au hajui anachotaka. Baba angeweza kusema leo tunapalilia shamba la juu, na majembe yakiwa mabegani akasema tunapalilia la chini, na hakuna aliyefungua mdomo, tukateremka. Hivyo Mama Kabira aliposema shupaza kisha akasema kopa, mimi nilielewa kwamba shupaza ameiacha. Mimi ni nani nimrudishe?

Nilimweleza hivyo siku moja asubuhi nikimfunga soksi, maana aliniuliza kwa upole kama nina tatizo la macho. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, akacheka, akanipiga begani kwa kiganja.

"Binti, niliposema kopa sikufuta shupaza. Nina zote mbili. Nilikuwa nakuuliza."

"Unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine? Mimi zako sizioni. Nasema moja, nasema ya pili, halafu wewe unachagua. Ukinirudisha kwenye ya kwanza hunikosoi, unanisaidia. Ndiyo maana naanza na ya juu, ili uweze kunirudisha bila kupanda ngazi." Akachukua pakiti kutoka kwenye meza ya dawa, akanipangia pale kitandani, mikono kumi hivi, mmoja baada ya mwingine, hadi chai ikapoa. "Na ukiwa nazo sawa kwa sawa, mbili kwa mbili, rudi kwenye ya kwanza vilevile. Ya kwanza haiwi fupi kuliko ya pili. Mtu huanza na ile iliyo ndefu."

Jumanne iliyofuata bahati ilinijaribu mapema. Shupaza, akasema. Baadaye, kopa. Nilikuwa na mbili kwa moja, ileile ya siku ya aibu. Nikapiga moyo konde, nikasema, "Shupaza," na sauti ikatoka kama ya mtu anayemjibu baba yake vibaya. Mama Kabira hakuinua macho, kwa sababu sheria hairuhusu. Lakini aliugonga mguu wa meza kwa fimbo yake mara moja, kwa furaha, na bibi wa Karachi akasema hilo nalo haliruhusiwi. Tulishinda. Tuliendelea kushinda. Sikupewa tena keki.

Hiyo ilikuwa miaka yangu mizuri, na sioni haya kusema hivyo. Watu wakirudi kutoka Ghuba wanatarajiwa kusimulia mateso, na mateso nimeyaona, ya kwangu na ya wengine. Lakini mimi nakumbuka pia Ijumaa, maana kanisa letu kule lilikuwa Ijumaa, dereva akinipeleka asubuhi na kunirudisha saa nane, na Mama Kabira akiwa ameshapanga karata anisubiri. Nakumbuka upepo wa vumbi ukikwaruza madirisha, mashine ya baridi ikinguruma, na mtini mmoja uani ambao Mama Kabira aliuamrisha uzae na ukazaa. Nakumbuka jinsi alivyonisimulia nyumba yake ya Alexandria, ghorofa ya tatu, ambako dada yake mdogo alikuwa bado anaishi, na roshani ambayo hupitisha upepo pande zote mbili. Alisema amemwacha mumewe makaburini kule na nafasi kando yake. Alisimulia hayo akichanganya karata, hakuyatilia chumvi wala machozi.

Miaka sita ilipita hivyo. Kisha mume wa bibi wa Karachi akamaliza mkataba. Kontena likaja getini kwao. Miezi mitatu baadaye bibi wa Khartoum naye akafuatwa na watoto wake. Meza ya kijani ikabaki na sisi wawili.

Wakati huohuo, kule Lusail, mahali nilipopajua kama mchanga na kreni, mwanawe alikuwa amepata nyumba katika jengo jipya, ghorofa ya kumi na nne. Alitaka tuhamie wote. Alikuwa kijana mwema, huyo. Nasema kijana ingawa alikuwa na mvi. Alimbusu mama yake kichwani kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na sijawahi kumsikia akimpandishia sauti.

Jumatano moja, wakati wa chakula cha mchana, Mama Kabira akamwambia wazi, mbele yangu. "Nataka kurudi Alexandria. Kwa dada yangu. Nimeshakaa vya kutosha."

Mwanawe aliacha kula. Siku mbili hakutaja habari hiyo. Ijumaa akaja na picha za nyumba mpya kwenye simu, akakaa sakafuni kando ya miguu ya mama yake. Dada wa miaka sabini atamnyanyuaje mgonjwa wa nyonga? Hospitali nzuri ziko hapa. Na yeye atabaki na nani? Machozi yalimlengalenga. Mama Kabira alimshika kichwa kwa mikono miwili.

"Basi," akasema. "Lusail. Basi."

Mwanawe alimbusu mikono, akaenda kutawadha.

Tukabaki sisi wawili. Nilikuwa nimeshamfunga kipimo cha presha mkononi, nabonyeza, maana ilikuwa saa yake. Mama Kabira alinitazama kwa macho yale ya mezani, yasiyoonyesha kitu.

"Umenisikia," akasema. "Nimesema mawili. Wewe mkono wangu umeushika miaka sita. Ungenirudisha wapi?"

Nataka niandike hapa ukweli kama ulivyokuwa, kwa sababu nimeshauzungusha vya kutosha kichwani. Nilijua jibu. Nilijua kuanzia Jumatano, nilijua kabla ya Jumatano. Alexandria ilikuwa imetajwa kwanza, na ilikuwa ndefu kuliko chochote nilichokijua kwake. Lakini nilijua pia kwamba visa yangu ilisimama juu ya mgonjwa huyu. Mama akienda Alexandria, mimi narudi Voi. Mwanangu alikuwa kidato cha pili, analelewa na mama yangu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumsomesha ila mimi. Mama akienda Lusail, mimi nakwenda Lusail.

"Utakavyoona wewe, Mama," nikasema.

Nilisema kwa adabu sana, macho nikiwa nimeyainamisha kwenye kipimo. Baba angenisifu. Upepo ukatoka kwenye kile kitambaa taratibu, ukaisha, na sikusoma presha yoyote. Ilinibidi nianze upya.

Mama Kabira akaniambia, kwa sauti ileile ya kila siku, isiyopanda wala kushuka, "Asante, mwenzangu."

Dereva nilimwambia baada ya wiki, tukipakia masanduku. Alikuna kidevu. "Usijipe mushkila, sista. Kafili, mwenye visa yako, ni yule, mama ni wake. Wewe ni nesi tu. Neno lako lingebadilisha nini?" Alisema kwa wema, nami nilitaka sana kumwamini. Lakini sikuwa nimeombwa nibadilishe kitu. Nilikuwa nimeombwa nichague. Na siwezi kujidanganya kwamba ilikuwa heshima tu, kama ile kopa yangu moja ya siku za mwanzo. Wakati ule nilikuwa sijui. Sasa nilikuwa nimefundishwa, kitandani, mikono kumi, hadi chai ikapoa.

Lusail tulikaa miaka miwili kasoro. Dirisha la sebule lilitazama bahari, na mwanawe alimwekea kiti pale. Mama Kabira alikaa kumridhisha, akikipa kioo mgongo. Watu wa kucheza nao hatukupata, ghorofa nyingi zilikuwa bado tupu. Basi tukawa tunagawa mikono minne, miwili tunaifunika, na tunafanya mnada peke yetu, mimi na yeye. Kucheza hatuchezi. Akitaja aina mbili nilimrudisha kila palipostahili, haraka, bila kusita hata mara moja, kama mtu anayejaribu kulipa. Aliona. Alikuwa anaona kila kitu. Hakuligusia hata siku moja, na hakupunguza kunipenda, na hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza hadi leo.

Alifariki asubuhi, usingizini, na kwa desturi yao akazikwa siku hiyohiyo, Doha, kwenye mchanga, mbali na nafasi yake.

Baada ya siku tatu za matanga, mwanawe alinikuta chumbani nikikusanya dawa. Alikuwa amebeba pakiti ya karata na kile kitambaa cha kijani cha mezani. Akasema vinanihusu mimi. Kisha hakuondoka. Alisimama akishika ukingo wa kitanda.

"Dada yake amenipigia," akasema. "Ananiambia chumba kilikuwa kimepakwa rangi. Miaka miwili amekifunga, hakumpangisha mtu." Akaiweka pakiti kitandani. "Wewe ulikuwa naye kila saa. Aliwahi kukuambia kama bado anataka kwenda?"

Akaendelea mwenyewe, kama anayejitetea mbele ya mtu mzima.

"Kwa sababu ningempeleka. Wallahi, mtu mmoja tu angeniambia, ningempeleka. Nililia, ndiyo, lakini sikumlazimisha. Alisema Alexandria, halafu akasema Lusail. Ni mama yangu. Nikaheshimu neno lake la mwisho. Nilidhani lile la kwanza amelifuta."

"Hakulifuta," nikamwambia. "Alikuwa anatuuliza."